Kilichopimwa na Kisichopimwa: Shehena, Magurudumu na Lawama katika Barabara ya Dar es Salaam hadi Tunduma tangu 1965

Utangulizi

Gurudumu la nyuma la lori kubwa, yaani tairi pamoja na rimu yake, huwa na uzito unaokaribia kilo 100. Likichomoka wakati lori linakwenda kilomita 80 kwa saa, huendelea mbele kwa kasi ileile, na kwa kuwa lori hupunguza mwendo ilhali gurudumu halina breki, huweza kulipita lori lenyewe kabla ya kuiacha barabara. Kishindo chake linapogonga ni sawa na cha gurudumu hilohilo kuangushwa kutoka urefu wa mita 25, yaani jengo la ghorofa nane hivi. Gogo la mbao, nguzo ya umeme, pipa la mafuta au kontena lililoachia kufuli zake halina huruma zaidi.

Ajali za namna hii zina sifa inayozitenga na ajali nyingi nyingine za barabarani: chanzo chake hukaa mbali na mahali pa tukio. Anayeumia Ilula huenda ameumizwa na kazi iliyofanyika, au isiyofanyika, katika gereji au yadi ya kupakilia ya Dar es Salaam siku moja au mbili kabla. Hata hivyo lugha iliyozoeleka katika taarifa za ajali nchini, ile ya mwendo kasi na uzembe wa dereva, hutafuta chanzo ndani ya kibanda cha dereva na katika dakika chache zilizotangulia tukio. Umbali huo kati ya kosa na madhara ndio unaoyafanya masuala ya kamba na nati yawe masuala ya kihistoria, na si ya kiufundi peke yake.

Makala haya yanaifuatilia barabara kuu ya Dar es Salaam hadi Tunduma tangu ilipogeuka ghafla kuwa njia ya uhai ya Zambia mwaka 1965. Hoja yake ni kwamba kwa takribani miaka sitini dola imejenga uwezo mkubwa wa kupima kinachoiumiza barabara, yaani uzito, huku ikiacha kinachowaumiza watu, yaani ufungaji wa shehena na ukazaji wa magurudumu, mikononi mwa watu wenye hadhi ya chini kabisa katika kazi ya uchukuzi. Ili kuonyesha kwamba mgawanyo huo wa wajibu haukuwa wa lazima, makala yanatazama pia kesi mbili za nje, ya Japani na ya Kanada, ambako swali la nani anawajibika gurudumu linapochomoka lilijibiwa kwa namna nyingine.

Mapipa kupanda, shaba kushuka

Tarehe 11 Novemba 1965 serikali ya walowezi ya Ian Smith ilijitangazia uhuru wa Rhodesia ya Kusini bila ridhaa ya Uingereza. Zambia, iliyokuwa imepata uhuru wake mwaka mmoja tu nyuma, ilisafirisha sehemu kubwa ya shaba yake na kupokea mafuta yake kupitia huko kusini. Desemba ya mwaka huo, vikwazo vya mafuta vilipowekwa dhidi ya Rhodesia, Rhodesia nayo iliyafungia njia mafuta yaliyokuwa yakienda Zambia. Mapipa yalibebwa kwa ndege kwa miezi kadhaa, lakini nchi yenye migodi haiendeshwi kwa ndege. Macho yakageukia bandari ya Dar es Salaam, na kutoka bandarini, kwa kuwa hapakuwa na reli ya kwenda Zambia, njia ilikuwa barabara.

Barabara yenyewe haikuwa imejengwa kwa kazi hiyo. Kutoka Dar es Salaam hadi Tunduma ni zaidi ya kilomita 900, na kutoka hapo hadi Ukanda wa Shaba ni safari nyingine inayokaribia urefu huo. Baada ya Morogoro sehemu kubwa ilikuwa udongo na changarawe: vumbi kiangazi, utelezi na matope masika. Waliopita humo kwa Kiingereza waliipa jina ambalo kwa Kiswahili lingekuwa njia ya jehanamu. Mwaka 1966 iliundwa kampuni ya malori ya Zambia na Tanzania, hisa zikiwa za serikali hizo mbili pamoja na kampuni ya Kiitalia, na malori ya Fiat yenye matela yakawa sura ya barabara hiyo. Jambo hili lina uzito katika mjadala unaofuata. Mmiliki wa malori mengi yaliyopita hapo alikuwa dola yenyewe. Hakuwa tajiri aliyejificha nyuma ya dereva wake.

Shehena mbili kuu za miaka ile zilikuwa na tabia zinazopingana, na mlima wa Kitonga, kati ya Ruaha Mbuyuni na Ilula, uliziweka bayana. Pipa la lita 200 likijazwa mafuta huwa na uzito wa zaidi ya kilo 160. Likisimamishwa juu ya sakafu ya chuma huteleza, kwa kuwa chuma juu ya chuma hakishikani, likilazwa, huviringika. Lori lililokwenda Zambia na mapipa lilikuwa likipanda Kitonga, hivyo mzigo wote uliegemea nyuma na kuusukuma mlango wa bodi, na kilichoachia kiliangukia barabarani kuelekea gari lililofuata. Shaba ilikuwa kinyume chake. Mita moja ya ujazo ya shaba ina uzito wa karibu tani 9, kwa hiyo tani 20 hazikujaza hata mita tatu za ujazo. Lori lililojaa shaba lilionekana kwa macho kama lori tupu. Mtu asiyejua angeweza kudhani hakuna cha kufungwa, na hapo ndipo palipokuwa na hatari, kwa sababu shaba hiyo ilikuwa ikishuka Kitonga kuelekea baharini, na kila dereva alipokanyaga breki, tani hizo zilitaka kuendelea mbele kuelekea kibandani. Kamba iliyotosha kuzuia mapipa yasitikisike haikuwa kitu mbele ya shaba.

Magurudumu nayo yalipata adhabu ya aina mbili. Barabara ya changarawe inayopitwa na magari mazito hujifanyia vijituta vidogo vilivyopangana kama mbavu, na gari linalovipita hutetemeka saa baada ya saa. Bolti ya gurudumu hushika kwa kuvutwa kidogo inapokazwa, kama kamba iliyokazwa kati ya nguzo mbili. Rangi, kutu au udongo ulionaswa kati ya rimu na kitovu ukisagika kwa mtetemo, nafasi isiyozidi unene wa unywele hupatikana, bolti hupoteza mvuto wake, na nati iliyokazwa jana kwa nguvu zote leo huzunguka kwa vidole. Ndiyo sababu watengenezaji huelekeza kwamba nati zikazwe upya baada ya kilomita 50 hadi 100 tangu gurudumu lilipofunguliwa. Maelekezo hayo yanatekelezeka kwa urahisi pale ambapo gurudumu hufunguliwa mara chache. Kwa gari linalopata pancha mara kadhaa katika safari moja, kila pancha huanza hesabu upya, gizani, kando ya barabara, kwa spana iliyopo. Adhabu ya pili ilikuwa joto: katika mteremko mrefu breki za ngoma hupasha moto kitovu chote, grisi ya beringi huyeyuka, na beringi ikifa gurudumu huondoka pamoja na kitovu chake hata kama kila nati imekazwa vizuri.

Utingo

Aliyesimama kati ya hatari hizo na watu wa barabarani alikuwa utingo, au taniboi kama anavyojulikana Kenya. Fasihi ya kitaaluma kuhusu uchukuzi imemtaja zaidi kama mpambe wa dereva: anayeosha gari, anayepika chai, anayelinda mzigo usiku. Ukiitazama kazi yake kwa jicho la usalama, picha hubadilika. Yeye ndiye aliyepanda juu ya turubai gari liliposimama na kuvuta upya kamba zilizolegea. Yeye ndiye aliyezunguka matairi na kipande cha nondo akiyagonga moja baada ya jingine, akisikiliza: tairi lenye upepo hulia kwa sauti moja, lililokwisha kwa sauti nyingine, na nati iliyolegea hujisaliti kwa mlio wake na kwa alama ya kutu inayoanza kuchuruzika kando yake. Ndiye aliyeruka chini mlimani na gogo la kuzuia gurudumu. Gari lilipoharibika, ndiye aliyekata matawi na kuyapanga barabarani kuwaonya wanaokuja, lugha ambayo kila mtumiaji wa barabara za Afrika Mashariki aliielewa muda mrefu kabla ya pembetatu ya kuakisi mwanga kuwa jambo la kawaida.

Haifai kumpamba. Mawe aliyoyaweka nyuma ya magurudumu mara nyingi yaliachwa hapohapo gari lilipoondoka, na jiwe lililoachwa katikati ya barabara usiku halina tofauti na shehena iliyodondoka. Hata hivyo, kwa maana ya kazi yenyewe, utingo alikuwa mkaguzi wa pekee ambaye lori lilikutana naye kati ya bandari na mpaka. Na hakuwa na hadhi yoyote. Sheria ya Usalama Barabarani ya 1973 inamjua dereva kwa leseni yake na mmiliki kwa usajili wa gari lake. Utingo hana leseni, hana mafunzo yanayotambuliwa, wala hana neno katika sheria linaloendana na kazi yake. Malipo yake yalitegemea hisani ya dereva au posho ya safari. Maisha ya watu wa Mikumi, Ilula, Makambako na Chimala yalining'inia kwenye kamba za mtu huyo.

Sheria hiyo ya 1973 haikunyamaza kabisa. Inadai kwamba gari na sehemu zake zote zitunzwe katika hali ambayo halitakuwa hatari kwa watumiaji wengine wa barabara, na maneno yake yanakaribiana na ya sheria ya Kenya ya 1953, kwa kuwa zote zilipikwa katika chungu kimoja cha Kiingereza. Katika anga ya kimataifa, Mkataba wa Vienna wa Novemba 1968 ulikwenda mbali zaidi: ulitaka mzigo upangwe na kufungwa ili usiangukie barabarani wala kuhatarisha watu, na ukataja wazi kwamba minyororo, kamba na maturubai yavutwe na kukazwa imara. Kanuni, basi, zilikuwepo. Kilichokosekana ni mtu mwenye mamlaka na ujuzi wa kuzisimamia kabla lori halijaondoka.

Lami, kisha mizani

Bomba la mafuta la TAZAMA, lenye urefu wa kilomita 1,710 kutoka Dar es Salaam hadi Ndola, lilifunguliwa mwaka 1968 na kuyaondoa mapipa mengi barabarani. Reli ya TAZARA, kilomita 1,860, ilikabidhiwa rasmi Julai 1976. Katikati ya miradi hiyo miwili barabara iliwekwa lami, kazi iliyokamilika mwanzoni mwa miaka ya 1970. Ingetarajiwa kwamba bomba na reli vingeipumzisha barabara. Haikuwa hivyo, malori yaliendelea, na lami ikabadili asili ya hatari yenyewe.

Mabadiliko hayo ni ya hesabu tu. Nguvu ya kitu kilicho mwendoni huongezeka kwa mraba wa kasi yake. Gurudumu lililochomoka kwenye changarawe katika mwendo wa kilomita 40 kwa saa lilikuwa na robo tu ya nguvu ya gurudumu lililochomoka kwenye lami katika kilomita 80. Lile la kwanza liliishia kwenye nyasi. La pili hufika sokoni, kwa sababu lami ilivuta watu kando yake: vitunguu vya Ruaha Mbuyuni, nyanya za Ilula, mbao za Mafinga vyote huuzwa pale ambapo lori hupita, na muuzaji husogeza meza yake karibu na mteja kadiri awezavyo.

Miaka ya mwanzo ya 1980 iliongeza uchakavu. Uhaba wa fedha za kigeni ulifanya vipuri viwe bidhaa adimu, na ubunifu wa mafundi, unaosifiwa kwa haki katika mazungumzo ya enzi ile, ulikuwa na upande wake wa giza. Fundi aliyekosa nati ya kumi aliliachia gari na tisa. Gari lilitembea, na pengine lilifika. Lakini mzigo uliopaswa kubebwa na bolti ya kumi ulihamia kwa jirani zake wawili, nao wakachoka mapema. Uagizaji kwa fedha binafsi uliporuhusiwa mwaka 1984, malori na vipuri vilianza kuingia tena, vingi vikiwa vimetumika kwingine, na umiliki ukatawanyika kwa watu wenye gari moja au mawili.

Wakati huohuo lami ilikuwa ikivunjika. Barabara iliyojengwa kwa mikopo ni mali inayoonekana katika vitabu vya hesabu, na uharibifu wake unaweza kuandikwa kwa fedha. Hapa ndipo mizani ilipochukua nafasi yake kuu. Baada ya kuundwa kwa TANROADS mwaka 2000 na kanuni za uzito wa juu wa magari za mwaka 2001, udhibiti wa uzito ulikua ukawa taasisi kamili, na leo lori linaloelekea Tunduma hupimwa Vigwaza, Mikese, Wenda, Makambako na Mpemba. Sheria ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya kudhibiti uzito wa magari ya 2016, iliyoanza kutekelezwa Tanzania mwaka 2019, imeweka kikomo cha tani 56 kwa gari na mzigo wake. Hakuna sehemu nyingine ya sheria za barabarani iliyopata vituo, mitambo na watumishi kwa kiwango hicho.

Mgogoro wa Oktoba 2013 unaonyesha jinsi uzito ulivyotawala fikra. Waziri wa Ujenzi wa wakati huo, John Magufuli, alifuta msamaha wa asilimia 5 uliokuwa ukitolewa kwa magari yaliyozidisha kidogo. Wasafirishaji waligoma, malori yakapangana katika mizani, na Waziri Mkuu Mizengo Pinda akasitisha uamuzi huo. Pande zote mbili zilikuwa na hoja zenye mashiko kuhusu lami, gharama na makosa ya vipimo. Ubishi wote ulihusu asilimia 5 ya uzito, na uliendeshwa mbele ya malori ambayo kamba na nati zake hazikuwa ajenda ya yeyote.

Kuna jambo jingine ambalo mjadala wa uzito huwa haulitaji. Lori likionekana kuwa ndani ya kikomo kwa jumla lakini limezidi kwenye ekseli moja, suluhisho ni kupanga upya mzigo. Kupanga upya maana yake ni kufungua turubai, kulegeza kamba, kuhamisha magunia au mbao, kisha kufunga tena, kando ya barabara, foleni ikiwa nyuma na muda wa kufika ukiwa umepita. Mzigo uliofungwa na wapakiaji wa yadi kwa utulivu hufungwa mara ya pili na utingo pamoja na vibarua waliopatikana hapo, kwa haraka. Mizani inaliruhusu gari hilo kuendelea likiwa limetimiza sharti la uzito, na pengine likiwa na ufungaji dhaifu kuliko lilivyofika. Dhana kwamba udhibiti wa uzito na usalama wa watu ni jambo moja haisimami mbele ya mfano huo, ingawa ni kweli kwamba kuzidisha mzigo huumiza pia breki, matairi na beringi.

Somo la neno fuso

Katika Kiswahili cha Tanzania fuso ni nomino ya kawaida, jina la lori la ukubwa wa kati bila kujali sana limetengenezwa na nani. Jina hilo lilitoka Japani, na huko historia ya magurudumu ya malori ya Mitsubishi Fuso ilifika mahakamani. Januari 2002 mjini Yokohama, gurudumu la mbele la lori kubwa, lenye uzito wa takribani kilo 140, lilichomoka likiwa na sehemu ya kitovu chake na kumgonga mama wa miaka 29 aliyekuwa akitembea kando ya barabara na watoto wake wawili. Mama alifariki, watoto wakajeruhiwa. Maelezo ya mtengenezaji yalikuwa kwamba kitovu kilichakaa kwa sababu ya matunzo mabaya ya mwenye gari. Mwaka 2004 kampuni ilikiri kwamba kasoro ilikuwa katika kitovu chenyewe, na malori zaidi ya 100,000 yakaitwa yarudishwe kwa matengenezo. Maofisa wake wawili wa zamani walitiwa hatiani, na Mahakama Kuu ya juu kabisa ya Japani ilithibitisha hukumu hiyo mwaka 2012.

Uzito wa kesi hii uko katika ile miaka miwili kati ya 2002 na 2004, wakati ambapo lawama ilikaa kwa mwenye gari na mafundi wake kwa sababu tu walikuwa karibu na gurudumu kuliko mhandisi aliyelisanifu. Kilichoihamisha ni uchunguzi uliokusanya vipande vya vitovu vilivyovunjika kutoka matukio mengine ya nyuma na kuvilinganisha. Pasipo kumbukumbu hizo kila tukio lingebaki tukio la pekee, na kila fundi angebaki mzembe.

Japani inafundisha jambo la pili, lililo karibu zaidi na gereji za Mbeya na Makambako. Kwa miongo mingi malori ya Kijapani, kama ya Kiingereza ya zamani, yalikuwa na bolti za upande wa kushoto ambazo nati zake hukazwa kwa kuzungushwa kinyume cha saa, ili mzunguko wa gurudumu lenyewe usizilegeze. Viwango vya kimataifa vilipofuatwa, Uingereza ikitangulia na Japani ikifuata karibu na mwaka 2010, pande zote mbili zilikazwa kwa mwelekeo mmoja wa saa. Katika nchi zote mbili ilionekana baadaye kwamba magurudumu yanayochomoka ni zaidi ya upande wa kushoto, hasa ya nyuma. Wahandisi hawakubaliani kuhusu sababu: wengine hutaja mwelekeo wa nati, wengine mwinamo wa barabara na jinsi gurudumu la ndani linavyobanwa katika kona za kushoto. Nchini Tanzania magari hupita kushoto, kwa hiyo upande wa kushoto ndio unaotazama njia ya waenda kwa miguu. Na kwa kuwa malori yaliyotumika huingia kutoka Ulaya na Japani, fundi mmoja hukutana kwa siku moja na mifumo yote miwili ya nati. Akizungusha kwa mazoea ya gari la asubuhi, hukata bolti ya gari la mchana. Ujuzi huo haumo katika stakabadhi ya mizani, na leseni ya dereva haiupimi.

Nchini Kanada, jimbo la Ontario lilichagua njia kali zaidi. Baada ya vifo vya mwaka 1995 vilivyosababishwa na magurudumu ya malori, uchunguzi wa hadhara ulifanyika, na mwaka 1997 bunge la jimbo likafanya kuchomoka kwa gurudumu la gari la biashara kuwa kosa lisilo na utetezi. Mwenye gari hawezi kujitetea kwamba alifanya kila alichopaswa kufanya. Gurudumu likiondoka, faini ni kati ya dola 2,000 na 50,000. Sheria hiyo ilipingwa mahakamani kwa madai kwamba ni dhuluma kumwadhibu asiye na kosa. Mwaka 2003 Mahakama ya Rufaa ya Ontario iliiacha isimame, sababu kubwa ikiwa kwamba haibebi kifungo. Wazo lililo nyuma yake ni rahisi: hakuna anayemwona fundi usiku gerejini isipokuwa mwajiri wake, kwa hiyo mwajiri apewe sababu ya kumwangalia. Ukali wa aina hiyo una kasoro yake, kwa kuwa kesi ya Yokohama ingemlipisha mwenye gari kwa kosa la mtengenezaji. Lakini umemwondoa dereva katikati ya swali.

Mtu wa pembeni

Katika barabara ya Tunduma mgawanyo wa wajibu umekuwa na sura mbili zisizofanana. Kwa uzito, sheria humfikia mmiliki mfukoni: lori halitoki mizani mpaka tozo ilipwe au mzigo upunguzwe. Kwa kamba na nati, sheria humkuta dereva, baada ya tukio. Tofauti hii haikupangwa na mtu mmoja. Ilitokana na dharura ya 1965, ambamo dola iliyokuwa mmiliki wa malori ilihitaji mafuta yafike kwa vyovyote, ikaimarishwa na lami ambayo gharama yake ilihitaji kulindwa, na ikarithiwa na kizazi cha wamiliki wadogo ambao wengi wao humwajiri fundi kwa kazi moja na utingo kwa safari moja. Kontena zimeipunguza kazi ya kamba lakini hazikuiondoa. Kufuli nne za pembe za tela nazo hufungwa kwa mkono, na kufuli iliyoachwa wazi haionekani kwa mtu aliye nyuma ya usukani.

Anayebaki nje ya hesabu zote ni mtu wa pembeni. Bima ya lazima kwa ajili ya watu wengine, inayotokana na sheria iliyoasisiwa enzi ya ukoloni na kubaki katika sura ya 169, hufungamana na gari linalojulikana. Lori lenye magurudumu pacha nyuma likipoteza moja, huweza kuendelea kilomita nyingi dereva asijue, kwa sababu pacha aliyebaki hulibeba gari. Gogo lililoteleza usiku katika kona za Kitonga halina namba ya usajili. Familia iliyofiwa huwa na kitu kilichoua, kimelala mbele ya macho ya wote, na haina gari la kulidai. Polisi hulichukua gurudumu kama kielelezo, au huliacha likavingirishwa kando, na baada ya siku chache rimu huuzwa kwa wanunuzi wa vyuma chakavu.

Lori lenyewe, wakati huo, limekwisha kupimwa Makambako. Uzito wa ekseli zake umechapishwa kwenye stakabadhi, na zote zimo ndani ya kikomo.